Mkono wenye baridi yabisi: kwa nini kazi ya kutwa haitoshi kuwa mazoezi

Katika mialo ya Mwanza, zile fukwe zinapopokelewa samaki, kuanzia Kirumba Mwaloni mpaka Igombe, mgonjwa wa baridi yabisi akiambiwa afanye mazoezi ya mikono huwa na swali la haki kabisa: mikono hii inaparua samaki, inaanika dagaa, inafua na kusonga ugali kila siku iendayo kwa Mungu, mazoezi gani tena? Akirudi nyumbani anakutana na ushauri wa upande wa pili: mikono inauma, basi ipumzishe, waachie watoto kazi. Kila mmoja anasema kwa nia njema, na mikono inazidi kudhoofu. Mkono wenye ugonjwa huu unahitaji mzigo, ila mzigo uliopimwa, na unahitaji kusogezwa pande ambazo kazi za kila siku haziufikishi.

Baridi yabisi tunayoizungumzia hapa ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando laini uliotanda ndani ya maungio. Utando huo huvimba, hunenepa na kutoa majimaji mengi, na ukiachwa bila dawa hula gegedu na mfupa wa pembeni yake. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Maji baridi ya ziwa hayauleti, ingawa yanaweza kumfanya aliye nao asikie ugumu zaidi alfajiri. Mkononi hupenda kifundo, kisha safu ya kwanza ya maungio pale vidole vinapoanzia, kisha safu ya kati. Safu iliyo karibu na kucha kwa kawaida huachwa. Kwa hiyo mzee mwenye vinundu vigumu karibu na kucha tu, bila uvimbe mwingine, huenda ana ugonjwa wa maungio kulika, ambao ni kitu kingine na una tiba yake. Dalili nyingine ya kutofautisha ni ugumu wa asubuhi: wa baridi yabisi hudumu zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima au zaidi, na mara nyingi mikono yote miwili huugua pamoja.

Nguvu ya mkono hupotea kwa njia zaidi ya moja, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Ungio likivimba, mwili wenyewe huizuia misuli ya jirani isifanye kazi kikamilifu, hata kama mtu anajitahidi. Misuli isiyotumika vizuri husinyaa. Tazama mgongo wa mkono wa mtu aliyeugua miaka mingi, utaona mabonde kati ya mifupa. Kano zinazovuta vidole nazo hupita ndani ya ala zenye utando uleule unaovimba, kwa hiyo hukwama au kuteleza nje ya njia yake. Ndiyo maana vidole huanza kuinamia upande wa kidole kidogo. Dawa hutuliza uvimbe, lakini haijengi upya msuli uliosinyaa wala haimrudishii mtu uwezo wa kufunga ngumi alioupoteza. Hiyo ni kazi ya mazoezi.

Zamani wataalamu wengi waliogopa kuwapa wagonjwa hawa mazoezi ya nguvu, wakidhani yataharakisha kuharibika kwa maungio. Hofu hiyo ilipimwa nchini Uingereza katika utafiti unaoitwa SARAH, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015. Wagonjwa 490 ambao dawa zao zilikuwa hazijabadilika kwa miezi mitatu au zaidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida, yaani mafunzo ya kulinda maungio na vifaa vya kuvaa mkononi vya kuyategemeza maungio kwa wanaovihitaji. Jingine lilipata huduma hiyo pamoja na mazoezi 7 ya kunyoosha na 4 ya nguvu, ya kufanya nyumbani kila siku, huku mtaalamu akikutana nao mara chache kuwaongezea kiwango. Baada ya mwaka mmoja, kwenye kipimo cha uwezo wa mkono chenye alama 0 hadi 100, kundi la mazoezi lilikuwa limepanda karibu alama 8, na lile jingine chini kidogo ya 4. Maumivu hayakutofautiana kati ya makundi. Jambo hilo linafaa kuelezwa mapema, kabla mgonjwa hajaanza: lengo ni mkono unaoweza kufunga kifungo, kugeuza ufunguo na kubeba sufuria. Anayeanza akitegemea maumivu yaishe kabisa ataacha mwezi wa kwanza. Kwa upande mwingine, maumivu hayakuzidi pia, na hilo linapunguza ile hofu ya zamani.

Sasa turudi kwa mama anayeparua sangara kutwa. Mkono wake wa kulia umeshika kisu kwa ngumi iliyokaza nusu, kifundo kimepinda kuelekea kidole kidogo, na mwendo ni uleule mamia ya mara. Vidole havifunguki kikamilifu hata mara moja, na havifungiki kikamilifu pia. Misuli inayokunja vidole inafanya kazi kupita kiasi, ile inayovinyoosha na inayokiinua kifundo inasahaulika. Juu ya hayo, mzigo anaoupata unaamuliwa na samaki waliopakuliwa siku hiyo. Mkono wake hauulizwi. Mazoezi hugeuza kila kimoja kati ya hivyo: ungio linafikishwa mwisho wa mwendo wake, misuli iliyosahaulika inaamshwa, na mzigo unaongezwa kidogo kidogo kadiri mkono unavyokubali.

Kabla ya kuanza, dawa kwanza. Mazoezi ya nguvu juu ya mikono iliyovimba kwa moto, ya mtu asiyetumia dawa ya kudhibiti ugonjwa, humletea mateso bila faida. Na kwa kuwa wengi hupewa methotrexate, mojawapo ya dawa hizo za kudhibiti ugonjwa, niseme hili bila kuzunguka: vidonge hivyo humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile. Kuvimeza kila siku kwa kukosea kunaweza kuua.

Kisha pima mkono ulipo leo, kwa sababu mabadiliko ni ya polepole na macho hayayaoni. Vipimo vitatu vinatosha. Cha kwanza, funga ngumi uwezavyo, halafu mtu apime kwa rula umbali kati ya ncha ya kila kidole na mstari mkubwa wa kiganja ulio karibu na vidole. Ncha ikigusa mstari andika sifuri. Cha pili, hesabu sekunde za kufunga vifungo vitano vya shati. Cha tatu ni nguvu ya kubana. Zahanati nyingi hazina kifaa maalumu cha kuipima, ila karibu zote zina mashine ya presha. Ile yenye saa ya mshale inafaa: kunja mkanda wake uwe kama gombo, ufunge usifunguke, jaza upepo mpaka mshale usome 20, kisha mgonjwa abane kwa mkono mmoja mara tatu akipumzika katikati. Andika namba kubwa. Mashine za kidijitali za nyumbani hazifai kwa kazi hii. Rudia vipimo hivi kila baada ya wiki nne, saa ileile ya siku, maana mkono wa saa moja asubuhi na wa saa tisa mchana ni kama mikono ya watu wawili.

Mazoezi ya kunyoosha hufanywa mikono ikiwa imepata joto. Itumbukize kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, yale ambayo ukiyajaribu kwa kiwiko hayakushtui, ukifungua na kufumba vidole taratibu humohumo. Ungio lililo jekundu na la moto lenyewe halihitaji joto jingine. Hilo liwekee kitambaa kilicholowa maji baridi.

Kaa mezani, kiwiko kikiwa juu ya meza na mkono umesimama. Zoezi lenye faida kubwa ni la kuzitelezesha kano, na lina hatua tano. Anza vidole vikiwa vimenyooka wima. Kunja safu mbili za juu tu, safu ya kwanza ibaki imenyooka, mkono uwe kama ndoana. Nyoosha tena. Kunja safu ya kwanza pekee, vidole vibaki vimenyooka kama ubao. Kutoka hapo kunja safu ya kati, ncha za vidole ziguse sehemu ya chini ya kiganja huku kucha zikielekea kifundoni. Maliza kwa ngumi kamili. Shika kila hatua sekunde 5. Sababu ya kupitia hatua zote ni kwamba kila kidole kina kano mbili za kukunjia, na ukifunga ngumi moja kwa moja zote mbili hutembea pamoja. Ndoana ndiyo inayozifanya zipishane, na kupishana huko ndiko kunakozuia zisigandamane.

Zoezi la pili ni kuvitembeza vidole kuelekea gumba. Laza kiganja mezani, sogeza kidole cha shahada upande wa gumba, kisha cha kati, cha pete na cha mwisho, kimoja kimoja. Inua mkono, uurudishe mwanzo, rudia. Usiviteleze kurudi upande wa kidole kidogo, maana ndiko ugonjwa unakovuta. Mengine ni mepesi: kukunja na kunyoosha safu ya kwanza pekee, kupanua vidole vyote kisha kuvirudisha, kuzungusha kifundo duara kubwa, kupeleka mikono nyuma ya kichwa, na kuipeleka nyuma ya mgongo kama anayefunga kanga. Haya mawili ya mwisho watu huyaruka wakiona hayahusu mkono, lakini bega likigoma, mkono mzima hata ukiwa mzuri kiasi gani haufiki panapotakiwa. Kila zoezi mara 5, na baada ya wiki kadhaa mara 10.

Kwa mazoezi ya nguvu hospitali hutumia udongo maalumu wa kubana. Nyumbani donge la unga linafanya kazi hiyo vizuri. Changanya vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, kijiko cha mafuta ya kula, na maji karibu kikombe kimoja ukiongeza kidogo kidogo. Kanda mpaka lisigande mikononi. Chumvi hulizuia lisichache haraka. Lifunge kwenye mfuko wa nailoni, na likianza kunuka tengeneza jingine. Uzuri wa donge hili ni kwamba ukitaka mzigo mkubwa zaidi unaongeza unga. Wenye michubuko ya miiba ya samaki waweke donge ndani ya mfuko mwepesi wakati wa kubana, au watumie sponji, kwani chumvi itawaunguza.

Donge hilo linatumika kwa mazoezi matatu. Kubana kwa mkono mzima: liviringe liwe nene kama mhindi, lishike, bana taratibu kwa hesabu ya tatu, achia. Kubana kati ya vidole: viringisha kipande kidogo, kiweke katikati ya vidole viwili vilivyonyooka, vibanane. Kufinya: gumba likutane na ncha ya kila kidole yakitengeneza duara, donge likiwa katikati. Duara hilo lilindwe, ungio la gumba lisibonyee ndani.

La nne ni la kifundo, na kwa maoni yangu ndilo watu wa Mwanza wanalihitaji kuliko yote, kwa sababu misuli inayoinua kifundo ndiyo inayoufanya ubanaji uwe na nguvu. Jaribu mwenyewe kubana ukiwa umekunja kifundo kuelekea ndani, uone nguvu inavyopotea. Laza mkono mezani kiganja kikitazama chini, kitanga kikining'inia nje ya ukingo. Chukua mfuko wa kitambaa wenye mkanda, tia humo chupa yenye maji mililita 250, mkanda upite juu ya mgongo wa mkono. Hivyo huhitaji kushika chupa, na vidole vinapumzika. Mkono wa pili uusaidie kupanda, kisha uuachie ushuke wenyewe polepole kwa hesabu ya tano. Kushuka taratibu ndilo zoezi lenyewe. Ukizoea, ongeza maji mililita 100, ambayo ni gramu 100.

Kiwango hupimwa kwa jitihada. Jipe alama kutoka 0, kukaa tu, hadi 10, mwisho wa uwezo wako. Wiki mbili za mwanzo kila zoezi la nguvu likupe 3 au 4, mizunguko 8 hadi 10, seti moja tu. Baadaye panda hadi 5 au 6, na polepole ufike seti tatu za mizunguko 10, ukipumzika dakika moja katikati. Ongeza kitu kimoja kwa wakati: ama ugumu wa donge, ama seti, kamwe visiwe vyote siku moja. Mazoezi yote pamoja hayapaswi kuzidi kama dakika 20.

Kosa linalowanyima watu faida kuliko lolote ni kubaki palepale. Mtu anapewa sponji, anaibana kila siku miezi sita, na alama ya jitihada ilishashuka hadi 1 mwezi wa kwanza. Msuli usiodaiwa zaidi hauongezeki. Kosa la upande mwingine ni kubana mpira mgumu mara mia moja kwa mkupuo: safu ya kwanza ya maungio, ambayo tayari imelegea, inasukumwa upande wa kidole kidogo kila mara. Ukiona vidole vinateleza upande huo unapobana, mzigo ni mkubwa au donge ni jembamba mno, punguza kimoja. Na mwenye kidole kinachobonyea nyuma kwenye ungio la kati huku ncha ikiinama asikisukume kinyooke zaidi ya mstari, akizuie kwa kidole cha mkono wa pili. Mazoezi hayanyooshi kidole kilichokwisha kupinda.

Maumivu kiasi wakati wa zoezi ni ya kawaida. Yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya kumaliza, au kesho yake maungio yakaamka yamevimba kuliko jana, rudi hatua moja nyuma. Ugonjwa ukiwaka, weka donge kando kwa siku hizo, ila usiache kuvipitisha vidole mwendo wake wote kwa upole, hata mara moja au mbili tu kwa siku, kwa sababu kano zisizotembea hukwama upesi.

Saa ya mazoezi huamuliwa na kazi. Kwa wa ofisini, baada ya kuoga maji ya moto panafaa. Kwa wanaopokea dagaa alfajiri, mikono inakwenda kazini ikiwa bado imekakamaa. Hao wafanye yale ya kunyoosha kwa dakika tano kabla ya kutoka, na ya nguvu alasiri. Siku za mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa kwa uchache na mwalo ukawa mtulivu, ndizo nzuri za kuongeza kiwango. Kuongeza mzigo wiki ile ile ambayo giza limeleta mitumbwi iliyojaa ni kuuomba mkono ukatae.

Kazi zenyewe zinaweza kuacha kuubomoa mkono unaojengwa. Mpini wa kisu na wa mwiko unenepeshwe kwa kuzungushiwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli mpaka vidole visikutane vikishika. Ugali usongwe mwiko ukiwa umeshikwa wima, gumba juu, nguvu itoke begani. Nguo isikamuliwe kwa kuipinda. Ipitishe nyuma ya bomba, unganisha ncha mbili, izungushe huku ukivuta kwa uzito wa mwili, au ikanyagie tu beseni na uianike ikidondosha maji. Ndoo ya lita 20 ijazwe nusu, au ibebwe na wawili.

Kuna mambo ambayo hayasubiri mazoezi. Kidole cha mwisho au cha pete kikishindwa ghafla kunyooka, hata bila maumivu, huenda kano imekatika, na ikichelewa kushughulikiwa ya jirani nayo hukatika. Ungio moja likiwa la moto na jekundu kuliko mengine, pamoja na homa, linaweza kuwa na usaha, na hilo ni la kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Ganzi ya gumba, shahada na cha kati inayokuamsha usiku mara nyingi humaanisha mshipa wa fahamu unabanwa kifundoni. Na ganzi au udhaifu wa mikono yote ukiambatana na maumivu ya shingo, acha kila zoezi uonwe na daktari.

Kwa wengine wote, idara ya fiziotherapia ya hospitali ya rufaa ya mkoa Sekou Toure au ya kanda Bugando ni mahali pa kuanzia. Nenda na daftari: tarehe, mazoezi uliyofanya, alama ya jitihada, na vipimo vyako vitatu. Mtaalamu akikupangia ratiba, jiulize una uhakika kiasi gani, kutoka 0 hadi 10, kwamba utaifuata. Ikiwa chini ya 7, mwambie aipunguze papo hapo, kwani ratiba ndogo inayofanyika inashinda kubwa iliyobandikwa ukutani. Wale wa utafiti wa Uingereza walipofuatiliwa baada ya mwaka ule wa kwanza, faida ilionekana kupungua, na wengi walikuwa wameshaacha au kupunguza mazoezi. Msiba ukikusafirisha hadi Ukerewe wiki mbili na mazoezi yakakatika, usianze pale ulipoachia. Rudi kwenye seti moja na donge laini, na ndani ya wiki chache utakuwa umefika tena ulipokuwa.